Bwana Shamba na Mitungi Kumi na Sita

Mpaka leo sijui kama Bwana Shamba aliwahi kuwa bwana shamba. Sisi watu wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, tulimwita hivyo kwa sababu alituambia alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la majaribio huko juu kwenye baridi, ambako walikuwa wakilinganisha aina za shayiri, na kwa sababu alivaa kofia ya kaki hata ndani ya nyumba. Mara moja aliniambia kazi yake ilikuwa kupima. Mara nyingine ikawa kuandika. Siku moja, nikichambua mchele mlangoni kwangu naye amesimama ananitazama, alisema miaka sita ya kwanza alikuwa akifukuza ndege tu, kwa debe na kijiti, kuanzia alfajiri hadi jua lizame. Nilimuuliza basi ni ipi hasa, kupima, kuandika au ndege. Alinishangaa kana kwamba mimi ndiye niliyechanganya mambo.

"Zote, mama," akasema. "Ndege kwanza."

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko mlangoni, na mlango wangu unatazamana na mfereji, bomba ambalo nyumba sita huchotea maji. Upande wa pili wa mfereji ndiko alikoishi yeye, peke yake, tangu alipohama mtaa wa Makongeni baada ya mke wake kufariki. Tulikaa hivyo miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo nilimshonea suruali nne na kumdanganya mara moja, kwa neno moja tu, na ndilo hilo neno linalonifanya niandike haya.

Ukimwambia Bwana Shamba kwamba kitu ni kizuri, jibu lake lilikuwa lile lile. "Kizuri wapi?" Nilimwonyesha koti nililomaliza kumshonea mteja, nikasema ni zuri. "Zuri wapi? Kwenye baridi au kwenye harusi?" Jirani alinunua mwavuli. "Mzuri wapi? Kwa mvua ya hapa au ya Kakamega?" Kanisani tulipata mchungaji mpya, kijana msafi, sauti kama redio, nikaja kumsifia pale mferejini. Bwana Shamba akaacha kuteka maji. "Mzuri wapi, mama? Mimbarini au matangani?" Nilikasirika. Baada ya miezi mitatu tukapata msiba kwenye plot yetu, hizi nyumba sita, na huyo mchungaji hakuonekana mpaka chakula kilipoiva. Sikumwambia Bwana Shamba kwamba nililikumbuka swali lake, maana angefurahi kupita kiasi.

Lile swali alilitoa kwenye kazi yake, hilo nililielewa. Alisema aliwahi kuona shayiri iliyoshinda zote kwenye shamba moja, wakubwa wakapiga picha nayo, kisha ikapelekwa kupandwa ng'ambo ya bonde, umbali ambao mtu angeutembea kabla ya chai ya saa nne. Huko ililala chini yote kama watu walioshiba. Mbegu ilikuwa ile ile, na mvua karibu ni ile ile. "Hakuna mbegu nzuri," aliniambia. "Kuna mbegu nzuri hapa." Halafu akapiga ardhi kwa kisigino, pale kwenye saruji ya mfereji, mahali ambapo hata nyasi haikuwa na nia ya kumea.

Ndipo nilipokuwa nikipotea. Mtu anayeamini kila kitu kina mahali pake, alikuwa akifanya nini na shayiri Mbotela? Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha ardhi cha kuanikia nguo, na kila mwaka alipanda humo, mara kwenye makopo, mara kwenye karai bovu. Vijana wa kona walimpigia kelele, "Niaje mzee! Hiyo ni shamba ama ni mbuga?" Yeye aliinua kofia, akawaambia mbuga ina wanyama wenye adabu.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mama mmoja, alisikia habari za shayiri akajua moja kwa moja ni pombe. Alikuja akizunguka, akanusa makopo, akanusa karai, nadhani hata kofia aliinusa. Jambo la kushangaza ni kwamba Bwana Shamba hakuwahi kuonja pombe maishani. Maisha yake yote alilinganisha nafaka ambayo wengi huitaka kwa ajili ya bia, na mwenyewe alikunywa chai ya rangi isiyo na sukari. Alimkaribisha mwenyekiti, akampikia uji wa shayiri. Mama yule akamaliza vikombe viwili, akashukuru vizuri, kisha akaenda kuwaambia wenzake kwamba uji ule unapanda kichwani.

Ninachokikumbuka zaidi ya vyote ni vita vyake na macho yake mwenyewe. Alikuwa na macho makali. Aliweza kusimama kwenye genge la nafaka, aangalie gunia la maharagwe, akuambie yametoka sehemu mbili tofauti, na mwenye genge akakiri. Lakini hakuyaamini. "Jicho hupendelea," alikuwa akisema. "Karatasi haina shemeji." Siku moja alinijia na aina nne za unga wa ugali, akaniomba nimpikie zote na kuweka kwenye sahani nne, kila sahani na namba yake, na nisimwambie ipi ni ipi. Alifumba macho akala, akaandika, akanywa maji, akala tena. Alipomaliza, nikafungua siri. Aliyoipa nafasi ya kwanza ilikuwa ule unga wa bei ya chini aliouchukia siku zote na kuuita wa kubandikia matangazo ukutani. Tangu siku hiyo alinunua huo huo, na kila siku akaulalamikia.

"Si unaweza kurudi kwa ule wako wa zamani?" nilimwambia. "Kwani nani atajua?"

"Siupendi huu," akasema, "lakini ndio ulioshinda."

Nilicheka sana wakati ule. Sasa nikikumbuka, sicheki vile.

Kwetu ni Kinangop. Mama yetu bado anaishi kwenye shamba la marehemu baba, sehemu ya chini karibu na kijito, ambako udongo ni mweusi na maji yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Ndugu yangu, kitinda mimba, alipoachishwa kazi kwenye kiwanda cha Industrial Area, alisema atarudi kulima. Mwaka wa kwanza mahindi yaliuawa na baridi ya alfajiri. Mwaka wa pili yakaoza miguu. Akaja kwangu akiwa amekata shauri: atajaribu mara moja tu, na ikishindikana atamkodishia mtu wa viazi shamba lote kwa miaka mitano, mpaka ukutani mwa nyumba ya mama. Mama alikuwa amesikia. Alinipigia simu, akaniuliza kama huyo mtu wa viazi atamwachia hata njia ya kwenda kijitoni. Nilichokuwa nacho ni jirani mwenye shayiri, nikamvuta ndugu yangu mpaka mlangoni kwa Bwana Shamba.

"Mzee, mimi nataka tu uniambie ni gani itamea kwetu," ndugu yangu akasema. "Nipande, nivune, niache kuzubaa hapa Nairobi."

"Kwenu ni wapi?"

"Kinangop."

"Kinangop wapi?"

"Kule chini. Maji hukaa."

"Hukaa siku ngapi?"

Ndugu yangu alinitazama mimi, kana kwamba ninaweza kumsaidia. "Sijawahi kuhesabu, mzee."

"Basi hukujui kwenu," Bwana Shamba akasema, lakini si kwa ubaya. Aliingia ndani akatoka na chupa nne za plastiki zenye mbegu, zote za rangi moja machoni pangu, akaziweka juu ya meza. Hakutuambia majina yake. Alisema majina humfanya mtu apendelee, kwa hiyo yeye huziita Namba Moja, Mbili, Tatu na Nne, basi. Akamwambia ndugu yangu amletee magunia manne ya udongo wa kwetu, ule wa chini kabisa, ule mbaya. "Nipe msimu mmoja. Nikivuna, nitakuambia namba."

Magunia yalikuja kwa pikapu. Kona nzima ilisimama kutazama. "Ati wanaleta mchanga huku tao, Nairobi?" kijana mmoja akauliza. "Kwani huu wetu umeisha?" Hata mimi nilikuwa na swali kama lake. Bwana Shamba alibomoa bonge moja kwa vidole, akalinusa, akasema polepole, "Huu ni udongo mgumu wa moyo." Nilimwona amefurahi.

Alipasua mitungi minane ya manjano ya lita ishirini, kila mmoja nusu kwa nusu, akapata kumi na sita inayofanana kama mapacha. Hakuitoboa chini. Kila mama wa Mbotela anayepanda sukuma wiki kwenye mkebe anajua kutoboa tundu, nikamwambia. Akaniambia maji yakae, ndivyo yanavyokaa kwenu. Kisha akaipanga mistari minne, kila mstari mitungi minne, na katika kila mstari namba zote nne zilikuwemo, ila kwa mpangilio tofauti. Kwangu mimi ulikuwa ni mvurugo. Niliuliza kwa nini asiweke za namba moja pamoja, watu waelewe. "Nikiweka zote za Namba Moja karibu na ukuta," akasema, "ukuta ndio utakaoshinda."

Hakuandika chochote kwenye mitungi. Zamani alikuwa akichomeka vijiti vyenye namba, watoto wakavigeuza kuwa panga. Sasa ramani yote ilikuwa ndani ya daftari lake: unahesabu kutoka upande wa mfereji, mstari wa kwanza, wa kwanza, wa pili, hivyo hivyo. Hilo mimi sikulijua. Nilidhani anazijua kwa sura, kama mtu anavyowajua kuku wake. Niseme hivyo mapema, ingawa haliniondolei kosa.

Shayiri ilikuwa na urefu wa shibiri moja na nusu alipopata habari kwamba ndugu yake mkubwa amefariki huko magharibi. Alitakiwa nyumbani kwa siku tisa. Aliniita, akanionyesha mitungi kwa kidole.

"Mama Wambui, usitoboe, usimwage, usihamishe. Mvua isiponyesha, weka kikombe kimoja kimoja. Ukiona zinateseka, ziache ziteseke. Ndiyo kazi yake."

"Sawa, mzee. Pole tena."

Siku ya pili mvua ikaja, ile ya kuingia hadi chini ya milango. Ikanyesha siku nne. Mitungi ikajaa, majani yakasimama ndani ya maji, na siku ya tano nikaona ncha zimeanza kuwa za manjano. Mimi si mtu wa kukaa nikitazama kitu kinakufa mbele ya macho yangu. Nilimwona mama yetu kwenye kila mtungi, na yule mtu wa viazi akipima uzio. Nikajifunga leso kiunoni, nikaibeba mitungi mmoja mmoja, safari kumi na sita, nikaiweka chini ya mabati ya jikoni kwangu, kwenye mstari, ili nisisahau. Nikainamisha kila mmoja kidogo, maji yakamwagika. Nilijisikia nimefanya jambo la maana.

Kesho yake jirani akataka njia ya kwenda msalani. Tukasogeza mitungi michache, naye, kwa kunisaidia, akasogeza mingine. Siku moja kabla Bwana Shamba hajarudi, jua lilipotoka, niliirudisha yote nyuma ya nyumba yake, mistari minne, minne minne. Nilisimama nikaitazama. Nilikuwa na hakika ndivyo ilivyokuwa. Nani angekuwa na hakika kuliko mimi niliyekuwa nikiitazama kila siku?

Alifika mchana na mfuko wake mdogo. Kabla hajavua viatu alienda kuziona. Akarudi.

"Kuna aliyegusa?"

"Hakuna," nikasema. Halafu nikamuuliza mazishi yalikwendaje.

Shayiri ilipotoa masuke, alibadilika. Alikuwa akisimama mbele ya mitungi muda mrefu, akihesabu kwa kidole kutoka mfereji, kisha anaingia ndani, kisha anatoka na daftari, anahesabu tena. Mara mbili alinijia kuniuliza leo ni siku gani. Mara moja aliniuliza kama pale ndipo mfereji ulipokuwa siku zote, au baraza la jiji liliuhamisha. Nilicheka, nikidhani ni utani wake. Hakucheka. Nilijiambia ni majonzi ya ndugu yake, nikaendelea kushona sare za shule.

Alivuna kwa mkasi, mtungi kwa mtungi, akapima kwa mizani ndogo ya jikoni. Siku aliyopanga, ndugu yangu alifika asubuhi na mapema, amevaa shati safi.

"Namba gani, mzee?"

Bwana Shamba alikuwa amelishika daftari kifuani kwa mikono miwili. "Sijui," akasema.

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Ndugu yangu alisubiri aongeze kitu. "Karatasi inasema mambo yasiyo na maana," mzee akasema. "Namba ile ile, hapa imeshinda, pale imekufa. Nisamehe, kijana wangu. Sijui." Ndugu yangu alimshukuru kwa heshima. Jioni hiyo alimpigia simu mtu wa viazi. Wakakubaliana miaka mitano, wakamwachia mama njia ya kijitoni na kipembe kimoja cha udongo mbaya kule chini, ambacho mtu wa viazi hakukitaka.

Bwana Shamba hakupanda tena. Aliosha mitungi yote, akagawia majirani, na hadi leo ukipita Mbotela utaiona milangoni ikiwa imepandwa dhania. Baada ya miezi michache binti yake wa pekee alikuja kumchukua, akatuambia tu kwamba baba ameanza kuchanganyikiwa, hawezi kukaa peke yake, na kwamba ni baba mwenyewe aliyemwambia hivyo. Siku ya kuondoka, mzee aliniletea zile chupa nne za mbegu. Akazipanga mwenyewe kwenye rafu yangu. "Kutoka dirishani," akasema, "moja, mbili, tatu, nne. Usiziguse." Nikasema sawa.

Miaka mitatu ilipita. Mwaka huu, mwezi wa pili, nilikwenda Kariobangi kuchukua kichwa cha cherehani nilichokuwa nimempa fundi wa jua kali anitengenezee, na nani nikutane naye pale kwenye vyuma kama si binti wa Bwana Shamba. Akanishika mkono hakuniachia. "Mama Wambui, twende umwone mzee. Huwataja watu wa Mbotela, ingawa siku nyingine hajui ni nani." Nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, na kile chuma begani.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni karatasi. Binti yake, kwa upendo, alikuwa ameandika majina kwa kalamu nene na kuyabandika kila mahali ili baba asipotee. MLANGO WA CHOO. SUKARI. DAWA ZA ASUBUHI. Kwenye chupa ya chai ya moto, CHAI. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya maandishi hayo, kofia kichwani, amekonda. Yule mtu ambaye hakutaka hata kuzitaja mbegu zake kwa jina.

Aliinua uso, akaniita kwa jina la marehemu mke wake. Binti yake akanikonyeza nisimsahihishe, akaenda jikoni.

Tukazungumza habari za mvua. Kisha bila mimi kumwuliza akaanza. "Unajua siku niliyojua kichwa changu kimeisha? Ni ile shayiri ya mwisho. Namba Nne huinamisha shingo ikikomaa, hakuna nyingine inayoinamisha vile. Namba Mbili ina zambarau kwenye mizizi ya nywele za masuke yake. Nimezitazama maisha yangu yote. Basi nikasimama pale, jicho likaniambia hii ni Nne. Daftari likaniambia hapana, mtungi wa tatu kutoka mfereji ni Mbili. Mtungi baada ya mtungi. Mtu asiyeweza tena kutofautisha Nne na Mbili, huyo akae kwa binti yake."

"Mzee," nikasema.

"Nikafikiri pengine kuna aliyegusa. Lakini nilikuwa nimemwuliza yule fundi wa kushona, akaniambia hakuna. Nikamwamini yeye kuliko macho yangu."

Nililia. Sikupanga kulia; nililia tu, na kichwa cha cherehani mapajani. Nikamwambia. Nilimwambia habari za mvua, ncha za manjano, mabati, safari kumi na sita, jirani aliyetaka njia. Nikamwambia yule fundi ni mimi, na kwamba nilisema hakuna kwa sababu niliona aibu. Nilimwomba msamaha mara tatu au nne. Hakuwa akisikiliza msamaha. Alikuwa amekaa wima.

"Ulirudisha kwa kuanzia upande gani?"

Sikukumbuka. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo ningempa jibu lolote alilotaka. "Upande wa m..."

"Nyamaza," akasema. "Unataka kunifurahisha."

Alinyoosha mkono, akabandua ile karatasi iliyoandikwa CHAI, akaigeuza nyuma. Akaniambia nivute daftari chini ya godoro. Lilikuwa pale. Pembeni mwa kila mstari, nje ya hesabu, kulikuwa na herufi ndogo za penseli zilizokatwa kwa msalaba: jicho 4. Jicho 2. Jicho 1. Aliandika kile macho yalichomwambia, kisha akakifuta kwa sababu karatasi ilikataa. Akachora visanduku kumi na sita nyuma ya CHAI, akaanza kujaza kwa yale maandishi aliyoyakata, akinong'ona, na kwenye kila kisanduku akaandika uzito aliovuna. Binti yake alikuja na vikombe, akasimama mlangoni, hakuelewa kitu.

"Tazama, mke wangu," akaniambia. "Zote nne za Nne ndizo zilizoongoza. Zote nne. Hata baada ya kukaa ndani ya maji." Akacheka bila sauti. "Macho yangu yalikuwa sawa."

Sikujua nifurahi au nifanye nini. Alikuwa amepiga hesabu ambayo mimi siiwezi, na alikuwa ananiita mke wake. Kipi kati ya hivyo nilikiharibu mimi, na kipi kililetwa na miaka? Nilimtazama binti yake, naye akanitazama mimi, na nadhani swali letu lilikuwa moja.

"Mwambie yule kijana," akasema, "Namba Nne. Iko kwenye rafu, ya nne kutoka dirishani."

Nikafunga macho. Mimi ni mtu wa usafi. "Mzee," nikasema, "hiyo rafu naipangusa kila Jumamosi. Naziondoa zote, napangusa, nazirudisha."

Halafu Bwana Shamba akacheka kwelikweli, kwa sauti, mpaka kofia ikaanguka, na binti yake akaweka vikombe chini haraka kwa sababu, aliniambia baadaye, hakuwa amesikia kicheko hicho tangu wahamie hapo.

"Basi panda zote nne," akasema, akifuta machozi. "Kule kule kwenu. Mistari minne minne, uvuruge. Mimi nilikuwa nauliza Nairobi swali la Kinangop, hilo nalo lilikuwa kosa. Na mvua ikinyesha, usiziguse. Zikitoa masuke, njoo unichukue. Nitazijua."

Ndugu yangu alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho, akasema, "Sawa tu, kile kipembe si kimelala bure." Tumepanda. Ni mistari mifupi, mbegu zenyewe ni chache na nyingine hazikuota kwa uzee. Wiki iliyopita kulinyesha siku tatu mfululizo. Mama alinipigia, akasema majani yamesimama ndani ya maji, je, achimbe mtaro kidogo tu, kwa jembe? Nilimwambia hapana. Nilimwambia mara mbili, halafu nikakaa na simu mkononi nikiwa nimeudhika na mimi mwenyewe.

Binti wa Bwana Shamba amekubali kumleta. Itakuwa mwezi ujao, masuke yakishatoka. Sijui siku hiyo ataniita nani. Zile nne atazijua.